Kilomita sita zilizokula robo tatu ya saa

Jumatano usiku, Tandika

Tiketi ya ndege haiandikwi kilomita. Ina saa ya kuondoka, saa ya kufika, uzito wa begi na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Shangazi aliliona hilo kabla yangu. Aliigeuza karatasi mbele na nyuma, akasogea karibu na taa, akaniuliza, "Sasa baba, hapa mtu analipia mwendo au analipia kiti?"

Alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Kurudi Ujiji kwa treni ni kulala njiani mara mbili kwenye vumbi la kiangazi, na jicho bado bichi, ndiyo maana watoto wake wakachangishana nauli ya ndege. Daktari hakukataa. Alisema wanaozuiwa ni wale waliowekewa gesi ndani ya jicho, kwa sababu ndege ikipanda hewa inapungua nguvu, gesi inatanuka na jicho linaumia. Yeye hakuwekewa. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza, maana ndimi mpima ardhi wa ukoo, na kwetu wanaamini mpima ardhi hashindwi na jambo lolote lenye masafa ndani yake.

Nikachukua kalamu. Uwanja wa Julius Nyerere uko longitudo 39.2 mashariki na latitudo 6.9 kusini. Uwanja wa Kigoma uko 29.7 mashariki na 4.9 kusini. Kati yao kuna digrii tisa na nusu za kwenda magharibi na digrii mbili za kupanda kaskazini. Kwenye ikweta digrii moja ni kilomita 111 na ushee, huku kwetu inapungua kidogo tu, kama 110.7. Magharibi inakuja kilomita 1,055, kaskazini 222. Pythagoras akamaliza yaliyobaki: kilomita 1,078. Anayetoka Ulaya kwenda Marekani angecheka hesabu hii, kwa sababu njia yake fupi inapinda kuelekea ncha ya kaskazini na kwenye ramani ya ukutani inaonekana kama upinde. Sisi tuko jirani na ikweta na tunakwenda magharibi karibu sawasawa, kwa hiyo mstari wa rula na mstari wa duara la dunia havitengani kwa kiasi cha kumsumbua mtu.

Lakini ndege yetu inasimama Tabora. Nikapima upya kwa vipande: Dar mpaka Tabora kilomita 733, Tabora mpaka Kigoma 351. Jumla 1,084. Yaani Tabora imekaa karibu juu kabisa ya mstari, na kuipitia kunaongeza kilomita kama sita, masafa ya nauli moja ya daladala.

"Basi Tabora tunapita bure," shangazi akasema.

"Kwa kilomita ndiyo, shangazi. Kwa saa tutaona kesho."

Alhamisi, Dar – Tabora – Kigoma

Tulitoka saa 11 na nusu, alfajiri tumeshaswali. Teksi ilipita Yombo na Jet Lumo kabla malori hayajaamka. Shangazi alibeba nazi. Nilimwambia Kigoma wanapikia mawese, akanijibu kwamba mawese ni ya mboga, mchele unataka nazi, na nazi ya Kigoma inakuja imechoka. Kwenye kaunta mfuko ule ulipimwa, ukavuka kwa nusu kilo, yule binti akatazama bandeji ya jicho, akaubandika lebo bila kusema neno.

Ndege ilikuwa ya pangaboi, Dash 8-400, viti 76. Wako watu wakiona pangaboi wanadhani wamepewa ndege ya zamani. Si hivyo. Pangaboi inakula mafuta kidogo kuliko jeti kwenye safari fupi na haidai ranwei ndefu sana, ndiyo maana viwanja vingi vya mikoani vimezoea kuiona. Na hii ni pangaboi yenye mbio: ikitulia angani inafika karibu kilomita 660 kwa saa, wakati ATR 72, pangaboi nyingine inayojulikana sana nchini, inaishia kama 510. Kwa masafa ya Kigoma, tofauti hiyo peke yake ni karibu nusu saa. Anayetaka kujua atafika lini aulize kwanza aina ya ndege, kilomita atazipigia hesabu baadaye.

Nilimpa shangazi dirisha la kushoto, upande wa kusini. Simu niliiweka kwenye hali ya ndege, nikaiegesha kwenye kioo. GPS haihitaji mtandao wala laini, inapokea tu kutoka kwa satelaiti na haitumi kitu, hivyo ikiona anga inakuonyesha mwendo, kimo na mahali ulipo hadi magurudumu yaguse chini. Pembeni yangu alikaa kijana wa tumbaku anayekwenda Urambo. Alitazama namba zangu kwa muda, akatoa simu yake akafanya vilevile, tukawa wawili.

Tuliacha ardhi saa 3 na dakika 22. Namba za kupanda huwa za kusuasua: 330, 380, 450. Ndege inatumia nguvu kubwa kupanda, mwendo wa mbele unangoja. Tulipotulia, kimo kama mita 7,300, simu ilisoma 640 na ikabaki hapohapo. Rubani ana kipimo kingine mbele yake, cha mwendo wa ndege ndani ya hewa. Changu ni mwendo juu ya ardhi. Upepo ukikusukuma mgongoni, cha kwangu kinapanda na cha kwake hakitikisiki. Na pepo za juu za ukanda wetu mara nyingi zinatoka mashariki, kwa hiyo anayekwenda Kigoma anasukumwa. Niliandika 640 pembeni ya tiketi, nikaizungushia duara, ningoje kurudi.

Shangazi hakutaka namba, alitaka stesheni. Njia ya ndege inafuatana na reli ya kati kama jirani anayekata kona: reli inateremka kusini kupitia Morogoro na Kilosa, ndege inapita juu kidogo, halafu zinakutana tena huko mbele. Milima ya Uluguru ilipita kushoto, Dodoma nayo kushoto, mabati yake yanawaka jua. Baadaye kidogo ukaonekana ukingo wa Bonde la Ufa, ule ukuta ambao treni inaupanda kwa kona na mngurumo kutoka Makutupora, na Manyoni ikawa karibu chini ya miguu yetu.

"Saranda iko wapi?"

"Tumeshaipita, shangazi."

"Tumeipita! Hata harufu ya kuku hatujaipata."

Baada ya Itigi kukaanza msitu wa miombo, na kiangazi hiki umekuwa wa kahawia, umechorwa michirizi ya moshi wa watu wanaochoma majani. Magurudumu yaligusa Tabora saa 4 na dakika 38. Dakika 76 kwa kilomita 733, wastani wa karibu 580 kwa saa, pamoja na kule kupanda na kushuka.

Sasa ndiyo zikaanza zile kilomita sita. Niliandika kila kilichofanyika, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Ndege inatembea kutoka ranwei hadi mahali pa kuegesha. Injini zinazimwa, pangaboi zinazunguka polepole mpaka unaweza kuhesabu mapanga yake, sita kila upande. Kijana wa fulana ya njano anasukuma vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Mlango unafunguka, hewa kavu ya Tabora inaingia, ina harufu ya majani makavu. Wanaoshuka wanashuka, na kila mmoja anakumbuka kofia yake akiwa ameshafika mlangoni. Mhudumu anapita kuhesabu tuliobaki. Mikanda ya viti vilivyoachwa inalazwa vizuri. Mabegi yanatolewa, mengine yanaingia, na mtu wa karatasi za uzito anapanda, anaongea na rubani, anashuka. Wapya wanaingia, mama mmoja ana mtoto mgongoni na hajui amfunge vipi, anaonyeshwa. Mlango unafungwa. Injini moja, kisha ya pili. Kutembea tena hadi mwisho wa ranwei, kugeuka, kungoja ruhusa.

Kuruka Tabora kuna jambo lake pia. Uwanja uko kama mita 1,190 juu ya bahari, Dar uko mita hamsini na kitu. Hewa ya juu ni nyepesi, ikipata joto inazidi kuwa nyepesi, na bawa linapata cha kuegemea kidogo, hivyo ndege inakimbia chini kwa muda mrefu zaidi kabla haijanyanyuka. Saa 5 asubuhi bado hali ilikuwa nzuri. Tuliruka saa 5 na robo.

Kipande cha Tabora na Kigoma ni kifupi hata ndege haipati nafasi ya kutulia. Inapanda, inakaa juu kidogo, na shangazi alikuwa hajamaliza soda wakati sauti ya injini ilipobadilika kuanza kushuka. Mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi yalionekana upande wa kulia, kijani kibichi katikati ya nchi iliyokauka. Ardhi oevu hiyo iliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ya kwanza kwa Tanzania. Kisha vilima, kisha weupe mbele ya vioo ambao mgeni angedhani ni ukungu. Ni ziwa. Shangazi alilitambua kwa jicho lake jipya, akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo, akasema, "Kumbe milima ya Kongo inaonekana hivi!" Mimi nilikuwa nimeishi na yule mama miaka yote nikidhani anaiona.

Tuligusa Kigoma saa 6 kasoro dakika 4. Simu ilisoma mita 820 na kidogo. Ziwa liko chini ya hapo, kama mita 770, na kina chake kinafika 1,470, kwa hiyo mwisho wa maji ya Tanganyika uko mbali chini ya usawa wa Bahari ya Hindi tuliyoiacha asubuhi. Mpima ardhi akipata jambo kama hilo halali.

Hesabu ya siku. Kutoka kunyanyuka Dar hadi kugusa Kigoma ni saa mbili na dakika 34. Ndege hiihii ingekuja moja kwa moja, kwa wastani wa 600, ingetumia kama saa moja na dakika 48. Tofauti ni dakika 46. Kilomita sita zimekula robo tatu ya saa, na hakuna hata dakika moja kati ya hizo iliyotokana na umbali. Wanaouliza "Dar na Kigoma ni saa ngapi kwa ndege" wanapewa majibu matatu tofauti na yote ni ya kweli.

Na kama ni kuhesabu kwa saa ya shangazi, tulifunga mlango Tandika saa 11 na nusu, tukafungua mlango wa Ujiji saa 7 kasoro dakika 10. Muda wa kuwa hewani ni kama robo ya huo. Uliobaki ni teksi, foleni, kaunta, kungoja, vigingi vya Tabora, na kusubiri mfuko wa nazi ambao ulitoka wa mwisho.

Jioni, adhana ya magharibi ilipigwa saa 1 kamili. Shangazi alikuwa ameshaongea na mdogo wake wa Dar, ambaye alikuwa ameswali na kuosha vyombo. Saa za ukutani ni zilezile nchi nzima, jua ndilo linalochelewa: kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne, na digrii zetu tisa na nusu zinakuja 38. Mwezi huu zinaongezeka nyingine tatu nne kwa vile Kigoma iko karibu na ikweta kuliko Dar. Watu wa huku wamelijua hilo kwa njaa. Mwezi wa Ramadhani adhana ya Dar inasikika redioni, watu wa pwani wanakunywa uji, na mtu wa Ujiji anaitazama tende yake zaidi ya nusu saa nyingine.

Ijumaa, Ujiji

Nililala sana. Saa 12 asubuhi bado giza, kwa sababu ileile.

Baada ya swala ya Ijumaa jirani wa shangazi, babu mmoja aliyestaafu reli, alikuja kumpa pole ya jicho. Nikamshika miguu, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumefika kwenye kilomita. Nilimwambia za angani 1,078. Akacheka.

"Zetu ni elfu moja mia mbili hamsini na kitu. Mnaiba mia na sabini."

Nikamuuliza kwa nini Wajerumani hawakunyoosha.

"Ndege inauruka mlima. Treni inaubembeleza. Ukiwa na mabehewa ishirini nyuma yako huwezi kumwambia dereva apande ukuta, lazima umtafutie bonde, na bonde halipo pale unapolitaka. Halafu mto. Mto unavukwa pale unapovukika, si pale rula ilipopita."

Alizijua tarehe zote. Kazi ilianza Dar mwaka 1905, reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla vita havijaanza. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia harusi ya dada yake.

Alasiri nilikwenda pale penye mnara wa Livingstone, penye miembe. Nilikuwa na hesabu moja tu ya kufanya. Stanley, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na akafika Ujiji Novemba mwaka uleule, miezi saba na ushee. Humo ndani kuna karibu miezi mitatu aliyokwama Unyanyembe, hapohapo Tabora, kwa sababu njia ya magharibi ilifungwa na vita vya mtemi Mirambo. Burton na Speke kabla yake waliondoka pwani katikati ya 1857 na kuliona ziwa Februari 1858. Wote walisimama Tabora, kwa kuwa misafara mingi ilisimama Tabora: mapagazi walibadilishwa, deni lililipwa, habari za njia zilipokelewa. Sisi vigingi vya manjano tuliviona ni usumbufu.

Usiku tulikula migebuka ya mawese na ugali wa muhogo. Wali wa nazi aliutengea Jumapili, nikaambiwa kama nataka nikae.

Jambo moja la saa, kwa sababu niko huku. Ng'ambo ya maji, Kongo ya mashariki, na juu huko Burundi, saa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kwa hakika ndiyo inayolifaa jua la Kigoma. Tanzania inafuata mstari wa longitudo 45, ambao haugusi nchi yetu hata kidogo, unapita baharini mashariki. Kutoka uwanja wa Kigoma hadi Bujumbura ni kilomita zisizofika 180, mwendo wa nusu saa kwa ndege. Ukiruka Kigoma saa 4, utatua huko saa 3 na nusu. Shangazi aliposikia alisema huo ndio usafiri, wengine wanajisumbua.

Jumamosi, stesheni ya Kigoma

Kurudi nilipanga vingine: treni hadi Tabora, halafu ndege. Binamu yangu ameolewa Tabora, Ng'ambo, na shangazi alishamfungia ndoo ya mawese na dagaa, mzigo ambao kwenye ndege ungenipa kesi. Dagaa wa Kigoma hata ukiwafunga kwa mifuko mitatu watajitambulisha wenyewe.

Jengo la stesheni limesimama pale chini karibu na maji na limezidi mji wote kwa uzuri. Tuliondoka jioni. Nikaiweka simu dirishani kama kule angani: 28, 34, 41, ikifika 45 watu wanashangilia moyoni. Kilomita 411 za reli dhidi ya 351 za hewani. Kidogo kidogo jua likazama nyuma ya ziwa, ziwa likabaki nyuma ya vilima, na ndani ya behewa kila mtu akawa anajua jirani yake anakwenda kwa nani.

Uvinza ilikuwa usiku. Wauza chumvi walikuja dirishani na tochi za simu mdomoni, mikono yote miwili imeshika mifuko. Nilinunua miwili nisiyoihitaji. Malagarasi tuliivuka gizani, nikaisikia tu kwa sauti ya daraja, chuma kikijibu chuma. Kaliua bado giza, Urambo tukanunua chai, na yule kijana wa tumbaku nilimtafuta kwa macho kana kwamba lazima awepo.

Kando ya reli hii ya mita moja inajengwa ile ya kisasa, kipande cha Tabora na Kigoma. Imesanifiwa treni za abiria za kilomita 160 kwa saa. Ikija kukimbia hata 100 kwa wastani, usiku mzima wangu unakuwa saa nne, na hapo mwenye ndege itabidi aanze kuhesabu kaunta na teksi zake kwa uangalifu, kwa sababu abiria naye atazihesabu.

Jumapili, Tabora

Nilifika saa 2 asubuhi. Saa 13 na kitu, wastani wa kilomita 31. Kwa ndege kipande hichohicho kilikuwa dakika 41.

"Mwangaluka!" jirani wa binamu alinisalimia kwenye geti, na ndoo ikapokelewa kabla yangu. Nilioga, nikalala, nikaamshwa kula. Mtoto wa binamu, yuko kidato cha pili, alikuwa na swali la jiografia la kutafuta saa ya mahali kwa longitudo. Nilimpa Kigoma na Dar na adhana zake, akalipata mara ya kwanza. Kitabu chake kilimpa Accra na Cairo.

Jioni sokoni nilinunua asali. Muuzaji alinionjesha ya miombo na ya nyuki wadogo, nikachukua zote mbili. Zikafungwa kwa gundi ya karatasi mpaka hazikuonekana tena kama chupa, kwa sababu zilikuwa zinakwenda kwenye begi la chini, na chupa ikipasuka huko ni nguo zako.

Jumatatu, Tabora – Dar

Kilomita 733, zilezile. Ndege ya aina ileile. Nilikaa kulia safari hii ili nione kusini tena, nikaegesha simu. Tulipotulia juu ilisoma 560.

Nikatoa tiketi ya Alhamisi yenye duara. 640 kwenda, 560 kurudi. Katikati yake ni 600, huo ndio mwendo wa ndege ndani ya hewa, na 40 zilizoongezwa kule ndizo 40 zilizokatwa huku. Upepo huohuo wa mashariki, safari hii usoni. Tuligusa Dar dakika 88 baada ya kuruka, dhidi ya 76 za kwenda. Tofauti ni dakika 12 kwa njia moja, na ndiyo sababu kwenye ratiba nyingi kwenda na kurudi havilingani, na ndiyo sababu pia yule anayekutajia muda mmoja kwa safari zote mbili anakutajia wastani.

Mzungushio nao upo. Kukaribia Dar tuligeuzwa upande juu ya vilima vya Pugu tukimsubiri aliye mbele. Mstari wangu wa rula haujui kuna wengine angani. Marubani wanafuata njia zilizopangwa, wanaingia kwenye ranwei kwa upande upepo unakotaka, hivyo kilomita zilizoruka siku zote ni nyingi kidogo kuliko zilizopimwa.

Asali ilifika nzima. Jet Lumo ilikuwa imefunga kabisa, malori yamelala pande zote, na dereva akazima gari akashusha kioo. Hapo ndipo shangazi alipopiga.

"Umeshafika?"

"Nimefika uwanjani, shangazi. Nyumbani bado. Jicho?"

"Jicho zima, namshukuru Mungu. Sikiliza, mwezi wa kumi na mbili nataka kuja kwenye ubarikio wa mtoto wa Zuhura. Muulize huyo wa tiketi kama ipo isiyosimama Tabora."

"Na ikizidi bei?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Basi tusimame. Ila uwaambie watufungulie mlango tushuke, maana mtu hawezi kupita Tabora mikono mitupu. Na wewe hiyo asali, ya nyuki wadogo niwekee mimi."